Daftari lina majina 312, Jumapili wanakuja 70: mtaa wetu tuanzie wapi kuufufua?

KatibuWaBaraza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mtaa wetu (tawi la usharika wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, pembezoni mwa mji) una majina 312 kwenye daftari la washarika. Jumapili ya kawaida tunakuwa 70. Krismasi na Pasaka kanisa linafurika hadi nje. Mchungaji ana mitaa minne, kwetu anafika mara moja kwa mwezi kwa Chakula cha Bwana, Jumapili nyingine anasimama mwinjilisti. Kwaya zipo 3 na zote zinaimba kila ibada. Jumuiya (vikundi vya kaya jirani vya kusali pamoja) zipo 6 kwa jina, zinazokutana ni 2. Vijana wakishapata kipaimara hatuwaoni tena.

Baraza la wazee limegawanyika. Kundi moja linataka semina ya uamsho ya siku 7 na mhubiri wa kualikwa: hema, vyombo, nauli, posho, jumla shilingi milioni 2.8, zitafutwe kwa bahasha. Kundi jingine linasema tumalize kupaua kwanza, watu watavutwa na jengo. Naomba ushauri wa kutekelezeka kutoka kwa wanaoijua kazi hii, isiwe "ombeni sana" peke yake. Kuomba tunaomba.

Mwinjilisti_Mstaafu

Amina, Ndugu Katibu. Ahirisheni vyote viwili. Wale 242 hamjui bado wako wapi, na dawa ya aliyehamia Dodoma haiwezi kuwa dawa ya aliyekasirika.

Anzeni na uhakiki wa daftari. Toeni daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa na la mazishi, pamoja na faili la barua za utambulisho za wanaohama. Wazee wawili wanaoujua mtaa wakae na mwinjilisti, wapitie jina moja moja: huyu anahudhuria, huyu amefariki, huyu amehama, huyu yuko kanisa jingine, huyu yupo nyumbani ila haji. Kwa majina 312 jioni tatu zinatosha. Kundi la waliohama ndilo huwa kubwa kuliko wazee walivyodhani, kwa sababu watu wa mjini huhama bila kuchukua barua na hakuna anayelifuta jina. Lakini msimfute mtu kwa kuhisi. Asiyejulikana aandikwe "hajulikani" mpaka jirani yake aulizwe. Wale wa mwisho, waliopo na hawaji, ndio kazi yenu ya mwaka mzima.

Wakati huohuo hesabuni mahudhurio Jumapili 8 mfululizo zisizo na sikukuu. Hesabuni mahubiri yakianza: mkihesabu kwenye wimbo wa kwanza wachelewaji wote watawaponyoka. Tenganisheni wanaume, wanawake, vijana, watoto na wageni. Bila hivyo mtakuwa mnabishana barazani kwa hisia, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Kisha nendeni majumbani. Wawili wawili, na mmoja wa jozi awe mwanamke, mwanaume asiende peke yake kwa mama anayeishi peke yake. Mkiwa na jozi 8, kila jozi kaya 2 kwa wiki, kaya kama 60 kwa mfano mnazimaliza ndani ya mwezi. Dakika 30 hadi 40 zinatosha; mkikaa saa mbili mwenyeji anaanza kuhangaika na chakula.

Hapa ndipo kazi huharibika. Mzee anaingia na bahasha ya ahadi mfukoni, au anaanza na "mbona huonekani?" Jibu la swali hilo ni "mambo mengi tu mzee, nitakuja", na mazungumzo yameishia hapo. Semeni mmekuja kuwasalimu na kuwaombea. Ulizeni hali ya nyumbani, watoto, kazi, afya. Baadaye, mambo yakitulia: "Kuna jambo lolote kanisani lililokuumiza?" Halafu nyamazeni. Msilitetee kanisa, msimsute aliyekosea, msiahidi kitu ambacho baraza halijapitisha. Ombeni kwa yale aliyoyasema, ondokeni.

Andikeni mkishatoka, msiandike mbele ya mwenyeji: tarehe, kaya, sababu, hitaji, nani atafuatilia na lini. Siri (ugonjwa, mambo ya ndoa) haiingii kwenye daftari hilo, inakwenda kwa mchungaji kwa mdomo. Siri moja ya nyumbani ikisikika kwenye mazoezi ya kwaya, milango yote iliyobaki imefungwa.

Sababu mtakazozikuta nazitaja mapema: michango, ugomvi wa zamani ambao hakuna aliyeusuluhisha, ndoa zisizofungwa kanisani, na kazi za Jumapili. Hawa wa mwisho, bodaboda, walinzi wa zamu, wauza soko, hawahitaji kuhubiriwa uamsho. Wekeni ibada ya saa 12:30 asubuhi ya dakika 75.

MamaDiakonia

Shikamoo Mwinjilisti. Nakazia hapo kwenye ndoa, maana mitaa mingi inapotezea watu kwenye kona hiyo na hakuna anayeisema barazani.

Baba na mama wanaishi pamoja miaka 9, wana watoto watatu, hawajafunga ndoa. Hawashiriki meza ya Bwana. Akizaliwa mtoto wa nne, kuomba ubatizo kunakuwa kama kwenda kuhojiwa kituoni. Mwishowe wanabaki nyumbani au wanakwenda mahali ambapo hakuna anayewajua. Ukichunguza kwa nini hawafungi, mara chache utakuta hawataki. Wanaogopa gharama: kamati ya harusi, suti, ukumbi, mahari ambayo haijakamilika, na aibu ya bibi harusi mwenye watoto wakubwa.

Mtaa unaweza kuliondoa hilo kwa ndoa ya pamoja. Mchungaji na baraza wapange tarehe moja, miezi mitatu mbele. Wanandoa wote wapate mafundisho, vipindi 6, jioni, wakiwa pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo majina yakabidhiwe mapema, yatangazwe, mwenye pingamizi aseme. Kila jozi ije na mashahidi wawili. Ibada iwe ya Jumapili ya kawaida, nguo safi za kawaida, pete kama wanazo. Baada ya ibada wanawake wa mtaa wapike pilau moja ya wote. Asiwepo wa kuleta gari lililopambwa, maana akianza mmoja wengine wote watajisikia maskini tena.

Yanayokwamisha: wa kwanza ni yule mwenye ndoa nyingine iliyosajiliwa mahali, hivyo kila mmoja aulizwe faragha, na mchungaji aone vyeti au hukumu ya talaka. Wa pili ni waliofunga ndoa ya kimila au ya bomani tayari. Hao hawafungishwi upya, ndoa yao inabarikiwa, fomu zake ni tofauti. Wa tatu ni mkwe anayezuia kwa sababu ya mahari. Huyo anafuatwa na wazee wawili wenye umri wake, wasitumwe vijana. Na mtu asiwadanganye kwamba wakikaa miaka miwili basi wana ndoa. Sheria ina dhana ya ndoa kwa waliokaa hivyo na kujulikana kama mume na mke, ila dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani na haiwapi cheti.

Nyongeza fupi: tengeni sehemu ya kumi ya sadaka ya kila Jumapili iwe ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, kabla ya matumizi mengine, hata kama ni 8,000. Mjane anunuliwe unga na dawa, mzee asiye na mtu akatiwe kadi ya bima ya afya. Mkabidhi nyumbani kwake, asisimamishwe mbele kupigwa picha. Kanisa ambalo mgonjwa wake hutembelewa siku ya mazishi tu, semina haitalisaidia.

NduguWaNuruni

Nawaheshimu, lakini nina wasiwasi. Madaftari, jozi, fomu. Takwimu peke yake haijawahi kumfufua mtu. Kanisa hupoa kwa sababu watu wake, tukianza na wazee, wana dhambi zisizotubiwa na wameacha kusemezana.

Angalieni Uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929 daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi kule Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa Wakristo wa siku nyingi wenye kiu, wakakaa wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto uliowaka Gahini miaka ya 1930 ulitoka hapo. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefundisha Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: kanisa liamke. Ukaenea Uganda, Kagera, Kenya. Hayati Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Kilutheri Bukoba kuanzia 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977, alitoka humo.

Lakini waliokuwa wanataka semina wasifurahi haraka. Mikutano mikubwa ilikuwepo, sawa, ila kilichoushika Uamsho kwa miongo mingi ni vikundi vya ndugu vilivyokutana kila wiki, vikiongozwa na watu wasio wachungaji, wakisoma, wakitubu, wakiimba Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda. Na toba yao ilikuwa na miguu: aliyeiba jembe alilirudisha, aliyedhulumu shamba alikwenda kwa mwenyewe. Zakayo alisema hivyohivyo, Luka 19.

Kwa hiyo baraza la wazee lianze. Jumamosi moja, asubuhi mpaka mchana, bila ajenda ya michango. Someni Ufunuo 2 na 3 polepole, makanisa yote saba. Kila mzee ajiulize nani hasemi naye. Wiki inayofuata amwendee, kwa utaratibu wa Mathayo 18: peke yake kwanza, halafu na mashahidi. Wazee wawili wasiosalimiana wakipatanishwa, mtaa mzima utajua kabla ya Jumapili, hamhitaji tangazo.

Mipaka iwepo, maana toba ya hadharani isiyo na mipaka imeumiza watu. Ungama dhambi yako, usiungame ya mwenzako. Mambo ya zinaa hayasemwi mbele ya umati, yanakwenda kwa mchungaji. Na aliyemdhuru mtoto hasitiriki kwa "nimetubu": hilo ni la polisi na ustawi wa jamii, siku hiyohiyo.

Katekista_KandaYaZiwa

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mniruhusu niingie kwenye hizo jumuiya 6 zilizokufa nne, maana ugonjwa huo tunaujua. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976, kwa hiyo tumekuwa na muda wa kuona zinavyokufa.

Zinakufa kwa njia tatu. Ya kwanza, jumuiya inageuka kituo cha kukusanya michango: wimbo, sala fupi, halafu saa nzima ya nani hajalipa. Ya pili, chakula. Nyumba ya kwanza ilitoa chai, ya pili chai na maandazi, ya tano wali na kuku. Nyumba ya sita inasingizia ugonjwa ili zamu isifike. Wekeni sheria ya maji ya kunywa tu, na mwenyekiti wa jumuiya awe wa kwanza kuifuata. Ya tatu ni mtu mmoja kuhubiri kila wiki. Wengine wanakaa kimya, na ukimya ukizoeleka wanaacha kuja.

Ukubwa: kaya 10 hadi 15 zinazoweza kutembeleana kwa miguu. Zikizidi 18 gawanyeni, hata kama wanapendana.

Kuhusu mhubiri mmoja, tumieni njia ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Haihitaji msomi. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala. Somo linasomwa, la Injili ya Jumapili ijayo. Kila mtu anachukua neno au kifungu kifupi kilichomgusa na kukitamka kwa sauti, mara tatu, bila maelezo. Kimya, dakika 3 kamili, mwongozaji aangalie saa kwa sababu kwa mara za kwanza sekunde 40 zitaonekana ndefu. Halafu kila mmoja anasema neno hilo lilivyomgusa, kwa nafsi ya kwanza, bila kuhubiri na bila kumjibu mwenzake. Hatua ya sita ni kuulizana: wiki hii Bwana anatutuma kufanya nini? Nani, kwa nani, siku gani. Mwisho sala za papo kwa papo. Yote saa 1 na robo.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoitofautisha jumuiya na darasa. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza: tulisema tutampelekea fulani maji, tulipeleka? Kama wiki tatu mfululizo hakuna kilichofanyika, punguzeni kazi iwe ndogo zaidi, msiache kuuliza.

Wanaume: Alhamisi saa 10 jioni hamtawapata. Jaribuni Jumamosi saa 12 asubuhi.

MtunzaHazina

Kwenye fedha nitakuwa mkali kidogo. Mtaa wa watu 70 hauna haki ya kuwa na michango 9 kwa wakati mmoja. Orodhesheni yote: ujenzi, kupaua, sare za kwaya, safari ya kwaya, zawadi ya mchungaji, pasaka ya watoto, makato ya usharika na dayosisi, mavuno, sasa na semina. Bakizeni miwili tu: sadaka ya kawaida na mradi mmoja, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mingine inasubiri zamu.

Mnada wa mazao baada ya ibada usizidi dakika 15. Na muwe na huruma: aliyekosa 2,000 ya kununua ndizi anapita pembeni ya kundi lile kila Jumapili.

Kuhesabu: watu watatu wasio wa familia moja, hapohapo kanisani, mara tu baada ya ibada. Fomu ina mistari ya noti na sarafu kwa thamani yake, wote watatu wanasaini, nakala moja kwa mhazini na moja kwa katibu. Jumatatu fedha inakwenda benki yote, matumizi yatoke benki kwa saini mbili. Ukitoa nauli ya mgeni kutoka kwenye kikapu, hesabu ya mwezi haitalingana kamwe na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Sadaka ya simu ipokelewe kwa lipa namba ya usharika. Namba binafsi ya mhazini, hata awe mtakatifu, inazaa maneno.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi bandikeni karatasi moja mlangoni: tuliyopokea, tuliyotumia, yaliyobaki, deni. Paulo mwenyewe alijihadhari hivyo na mchango wa Yerusalemu, 2 Wakorintho 8:20-21. Kupaua kutakwenda haraka zaidi baada ya miezi sita ya karatasi hiyo kuliko kwa harambee.

KatibuWaBaraza

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Maswali mawili: vijana, na urefu wa ibada. Yetu inaanza saa 3 asubuhi, tunatoka saa 6:30 mchana. Nikigusa muda wa kwaya nitafukuzwa.

MwalimuWaKipaimara

Kwaya usiziguse kwa amri, ziwekee zamu. Kwaya moja ndiyo ya wiki: inaongoza nyimbo za ibada na kuimba nyimbo zake mbili. Nyingine inaimba mmoja. Ya tatu inapumzika na kukaa na familia zake, jambo ambalo wake na waume zao watalishukuru. Waiteni walimu wa kwaya watatu wapange zamu za miezi mitatu wenyewe, wewe upokee karatasi tu. Matangazo: yaandikwe, yawasilishwe kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni, asome mtu mmoja, dakika 7. Mtu anayekuja na tangazo mkononi Jumapili asubuhi asubiri wiki ijayo, hata akiwa mzee wa kanisa. Kwa hayo mawili peke yake mtarudi kwenye ibada ya muda wa saa mbili bila kugusa liturgia wala mahubiri.

Vijana. Tatizo ni kwamba kipaimara kimekuwa mahafali. Miaka miwili ya kukariri Katekisimu, gauni jeupe, sherehe, kwaheri. Kazi wapeni kabla ya siku hiyo, usingoje baada. Ikibaki miezi 6, kila mwanafunzi apewe huduma moja ya kweli: kusoma somo la Jumapili, kusaidia shule ya Jumapili, mitambo ya sauti, kupokea wageni, kuwatembelea wazee na jozi ya wadiakonia. Iwe kazi ambayo asipokuja pengo lake linaonekana. Kufagia kanisa pekee hakuhesabiki, hiyo wanaijua kuwa ni adhabu.

Kila mmoja apate mlezi mmoja mtu mzima, wa jinsia yake, asiye mzazi wake, kwa miaka 2. Mlezi apige simu mara moja kwa mwezi, wakutane mahali pa wazi, wazazi wajue. Ukipata walezi 11 na wanafunzi 15, usimpe mtu mmoja wanafunzi 5, tafuta wanne zaidi.

Wengi pia hawapotei kwa kukosa imani, wanakwenda shule ya bweni au chuo. Andikeni orodha: nani, shule gani, anaanza lini. Mwinjilisti awasiliane na usharika ulio karibu na shule hiyo au viongozi wa UKWATA (Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania) pale, kabla kijana hajaripoti. Akirudi likizo, wiki ya kwanza awe na zamu ya kusoma somo.

Ukishaondoa hayo, linabaki swali ambalo vijana huuliza na wazee hulikwepa: kwa nini wao hawamo barazani. Chagueni wawili wenye kura, si waalikwa.

KatibuWaBaraza

Asante sana Mwalimu. Na semina je? Wale wazee wataniuliza kesho.

Mwinjilisti_Mstaafu

Waambie haijakataliwa, imesogezwa mwezi wa 9 wa mpango huu. Mwanzo uhakiki na kuhesabu, mwezi wa pili na wa tatu kutembelea, wa nne jumuiya nne zianze upya kwa hatua saba, wa sita ndoa ya pamoja. Siku ile ya toba ya wazee aliyoisema NduguWaNuruni ifanyike hata kabla ya uhakiki, yuko sahihi. Semina ikija iwe ya siku 3, mhubiri awe mchungaji wa jimbo lenu, bila hema, na kila anayesimama kuombewa awe na jumuiya yenye jina na mtu wa kumfuata Jumanne yake. Kama jumuiya hazijasimama kufikia mwezi wa 8, isogezeni tena.

Ukimaliza kupanga majina, weka hapa mgawanyo wa yale makundi, idadi tu bila jina la mtu, tuone kubwa ni lipi.